MFINYANZI HULIA GAENI
Watwa na sheria tatu za bonde moja

Askari anayepangiwa zamu Bugarama hujifunza mambo mawili katika siku yake ya kwanza. La kwanza ni joto. Rwanda husifiwa kwa vilima na baridi, lakini hapa, katika pembe ya kusini-magharibi, ardhi hushuka hadi kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali pa chini zaidi ya bonde hili katika nchi nzima. La pili ni kwamba mpaka u karibu mno. Ukielekea magharibi unakutana na mto Rusizi, na ng'ambo yake ni Kamanyola katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukielekea kusini unakutana na mto Ruhwa, na ng'ambo yake ni Burundi. Jogoo akiwika alfajiri husikiwa katika nchi tatu.

Bonde hili ni la kazi. Mashamba ya mpunga yametandazwa kama jamvi la kijani. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, hutoa vumbi na ajira. Jirani na hapo zimo chemchemi za maji ya moto ambazo wenyeji huziita Amashyuza, na wagonjwa wa viungo huenda kujikanda humo. Sokoni husikika Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili. Kiswahili cha Bugarama kilikuwapo tangu zamani, kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Ni katika soko hilo tulipomkuta mama mmoja wa makamo, ameketi pembezoni, mbali kidogo na wauzaji wengine. Mbele yake vilikuwa vyungu saba vya udongo na mitungi miwili. Tulimsalimu, akaitikia kwa adabu. Tukamwuliza yeye ni mtu wa watu gani.

"Mimi ni Mnyarwanda, mwanangu," akasema. "Kazi yangu ni kufinyanga."

Lilikuwa jibu kamili, nalo lilitutosha. Lakini muuza nyanya aliyekaa hatua chache kutoka hapo aliinama kwetu, akapunguza sauti, akasema maneno mawili tu: "Ni wale."

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu maneno hayo mawili.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kuzungumza juu ya makosa ya wengine, ni haki tueleze letu. Miaka kumi na zaidi iliyopita, tukiwa na nyota mpya begani, wiki chache baada ya kutoka chuo cha makadeti, tulikabidhiwa kizuizi cha barabarani. Ilikuwa mahali pengine, wala hapana haja ya kupataja. Siku moja asubuhi walifika wanawake wanne na mizigo ya vyungu kichwani. Kulikuwa na habari za magendo, na amri ilikuwa kukagua kila mzigo. Askari mmoja, badala ya kuwaambia washushe vyungu ili achungulie ndani, alivigonga kwa kitako cha bunduki ili asikie kama vina kitu. Chungu cha kwanza kililia. Cha pili kilipasuka. Cha tatu kilipasuka pia, na safari hii hapakuwa na shaka kwamba alikusudia.

Askari wengine walicheka. Nasi tulicheka.

Wanawake wale hawakupiga kelele wala kulalamika. Waliokota vigae wakavitia katika kanga, wakapita. Jioni, mzee mmoja wa kijiji alitueleza kwamba chungu kimoja huchukua siku kadhaa: kutafuta udongo bondeni, kuukanda na kutoa mawe, kufinyanga, kuanika kivulini, kisha kuchoma kwa nyasi na kuni. Tulikuwa tumevunja kazi ya juma zima kwa dakika moja, na hatukupata magendo yoyote. Tungeweza kuwalipa, lakini walikwisha kwenda, na kwa kweli haikutupitia akilini kuwatafuta. Walikuwa "wale".

Chuoni tulifundishwa kusoma ramani, kupanga lindo na kutoa amri. Hatukufundishwa wale ni nani.

WATWA NI NANI?

Watwa, au Abatwa kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni jamii ndogo inayoishi Rwanda, Burundi, kusini-magharibi ya Uganda na mashariki ya Kongo. Katika Rwanda hukadiriwa kuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu mia. Hawana lugha yao ya peke yao siku hizi. Husema lugha ya majirani zao, popote walipo. Wanahistoria wengi huwahesabu kuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa misitu ya eneo hili, waliokuwapo kabla ya wakulima na wafugaji kufyeka vilima.

Maisha yao ya kale yalikuwa ya msitu: kuwinda kwa upinde, mikuki na mbwa, kurina asali, kuchimba mizizi na kujua dawa za majani. Kadiri msitu ulivyorudi nyuma mbele ya jembe, wengi walishika ufinyanzi. Kwa vizazi vingi hapakuwa na nyumba katika Rwanda, ya tajiri wala ya maskini, ambayo haikupika katika chungu cha Mtwa. Wengine waliishi karibu na ikulu ya mwami wakiwa wacheza ngoma, wawindaji na walinzi.

Hapa askari na atege sikio. Katika kinamasi cha Rugezi, kaskazini ya Rwanda, aliishi kiongozi wa Kitwa aliyeitwa Basebya. Aliukataa utawala wa ikulu, kisha akaukataa na utawala wa Wajerumani. Hakuwa na bunduki za kutosha wala ngome ya mawe; alikuwa na mishale, na alikuwa na kinamasi ambacho yeye alikijua na adui hakukijua. Aliwasumbua kwa miaka, hata Wajerumani walipomkamata na kumwua mwaka 1912. Anayedhani kwamba Watwa ni watu wasiojua ila kuinamisha kichwa na asome habari za Rugezi.

Hata hivyo, heshima haikufuatana na kazi. Mahali pengi majirani hawakukubali kula nao wala kunywa nao katika chombo kimoja. Huo ndio ukweli wa methali yetu isemayo mfinyanzi hulia gaeni: aliyewapa wote vyombo, yeye mwenyewe hana chombo. Kwetu sisi waliotunga methali ilikuwa mzaha juu ya fundi anayejisahau. Kwa Watwa ilikuwa sheria ya maisha.

MSITU ULIOFUNGWA

Ukisimama Bugarama na kutazama mashariki utaona milima inapanda kuelekea msitu wa Nyungwe. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, enzi ya Wabelgiji. Mwaka 2005 ukawa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, una sokwe mtu na mbega, na ni chimbuko la mito inayonywesha sehemu kubwa ya nchi. Hapana mwenye akili atakayesema usilindwe. Mpunga wa Bugarama wenyewe huishi kwa maji yanayoshuka kutoka milimani.

Lakini kila hifadhi ina mlango, na mlango ukifungwa kuna anayebaki nje. Kadiri sheria zilivyokazwa, uwindaji ukawa jinai, kurina asali kukawa jinai, hata kukata kuni. Mkulima aliyezuiwa kuingia msituni alirudi shambani kwake. Mtwa hakuwa na shamba la kurudia. Aidha, katika desturi ya kale msitu haukuwa na hati, na mtu asiye na hati hakulipwa fidia.

Kisa hicho kilijirudia pande zote. Ng'ambo ya mto, katika Kivu ya Kusini, Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na maelfu ya Watwa waliondolewa. Katika Uganda walitolewa Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, misitu ilipofanywa hifadhi za taifa kwa ajili ya sokwe wa milimani.

Waliobaki na udongo nao walianza kuukosa. Udongo mzuri wa kufinyangia hupatikana mabondeni, penye maji. Mabonde hayohayo ndiyo yaliyolimwa mpunga, na kwa sheria ya ardhi ya Rwanda mabonde ya maji ni mali ya serikali, yakisimamiwa na kugawiwa kwa mpango. Wakati huohuo soko lilijaa sufuria za alumini na ndoo za plastiki, ambazo hazipasuki na bei yake ni nafuu. Hivyo mfinyanzi amebanwa pande mbili: malighafi imekuwa haba, na wanunuzi wamepungua.

BONDE MOJA, SHERIA TATU

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila askari wa mpakani hana budi kulijua. Mtwa aliye Rwanda, aliye Burundi na aliye Kongo ni ndugu wa nasaba moja. Pengine ni mtu na binamu yake. Lakini sheria za nchi hizo tatu humwona kwa macho matatu tofauti.

Tuanze na Kongo. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa saini sheria nambari 22/030 juu ya ulinzi na ukuzaji wa haki za watu wa asili. Sheria hiyo inawataja waziwazi kuwa ni watu wa asili wa nchi, inatambua mila zao na haki yao juu ya ardhi na maliasili wanazozitumia, na inaitaka serikali iwarahisishie kufika mahakamani, shuleni na hospitalini. Kongo, basi, imechagua kuwatambua kwa jina.

Burundi ilichagua njia nyingine. Baada ya vita virefu na mazungumzo yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, kisha Mzee Nelson Mandela, Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000. Katiba ya mwaka 2005 iliyotokana nao ilitenga viti vitatu vya Watwa katika Bunge na vitatu katika Seneti, na Katiba ya mwaka 2018 ikavibakiza. Burundi huwatambua kwa viti.

Rwanda haiwatambui kwa kabila hata kidogo, wala Watwa wala mwingine yeyote. Katika Katiba ya mwaka 2003, na hata baada ya marekebisho ya mwaka 2015, wananchi wote ni Wanyarwanda. Lipo hata hivyo fungu linalomtaka Rais, anapowateua maseneta wanane, azingatie uwakilishi wa makundi yaliyoachwa nyuma na historia. Kila mtu anajua kwamba maneno hayo, "walioachwa nyuma na historia", huwahusu Watwa kwanza, ingawa hawatajwi. Shirika moja la Watwa lililokuwa na neno "watu wa asili" katika jina lake lilitakiwa kulibadili, na mwaka 2007 likaitwa Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Jina la ukoo likawa jina la kazi.

Msomaji asiharakishe kuhukumu. Sababu ya Rwanda ni nzito, nayo inatuhusu sisi tunaosimama vizuizini kuliko mtu mwingine yeyote. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walianzisha vitambulisho vilivyomwandika kila mtu kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kilikuwa kipande cha karatasi tu. Miaka sitini baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, karatasi hiyo ilidaiwa kizuizini, ikasomwa, na neno lililoandikwa ndani yake likaamua nani apite na nani afe. Watwa wengi nao waliangamia katika miezi ile. Nchi iliyopitia hayo ikiamua kwamba haitaandika tena kabila la mtu mahali popote, ni nani atakayeishangaa?

Lakini upande wa pili nao una hoja. Wasemao kwa ajili ya Watwa huuliza: mtu asiyehesabiwa atasaidiwa vipi? Ukitaka kujua ni watoto wangapi wa Kitwa wamemaliza shule, na takwimu haziwatenganishi, utajuaje? Jirani sokoni hakuhitaji kitambulisho ili kusema "ni wale". Dharau inamjua Mtwa hata pale ambapo sheria haimjui. Hoja zote mbili zina mashiko, wala hatujifanyi waamuzi kati yake.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Swali hili la nani aandikwe na nani asiandikwe si la bonde la Rusizi peke yake. Nchi iliyolishughulikia kwa orodha ndefu kuliko zote pengine ni India. Katiba yake, iliyoanza kutumika mwaka 1950, katika ibara ya 342 humpa Rais uwezo wa kutangaza, jimbo baada ya jimbo, ni jamii zipi zihesabiwe kuwa makabila yaliyoorodheshwa. Aliyemo katika orodha hutengewa nafasi katika Bunge, katika vyuo na katika kazi za serikali. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu milioni 104, yaani 8.6 katika kila watu mia wa nchi hiyo.

Miongoni mwao wamo ndugu zetu. Jamii ya Wasidi ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengine watumwa, wengine mabaharia, wengine askari. Katika jimbo la Karnataka waliingizwa katika orodha mwaka 2003, baada ya kudai kwa miaka mingi. Lakini tazama: kwa kuwa orodha ni ya jimbo, jamii iliyoandikwa jimbo hili huweza isiandikwe jimbo la jirani. Mtu akihama, haki yake huweza kubaki nyuma mpakani. India ni nchi moja, na bado ina tatizo lilelile la Bugarama.

Karibu zaidi na sisi ni Kenya. Waogiek wa msitu wa Mau walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba wao ni watu wa asili na kwamba haki zao zimevunjwa kwa kuondolewa msituni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia, jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi yao irudishwe. Ushindi mkubwa! Lakini Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena huko Mau, na familia zikatolewa. Hukumu ilikuwapo, na waliotekeleza uvunjaji ni watu waliovaa sare.

Uganda nayo, mwaka 2021, ilisikia Mahakama yake ya Katiba ikisema kwamba Watwa walitendewa isivyo haki walipotolewa katika misitu bila fidia ya kutosha. Kuhusu Kahuzi-Biega, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza mwaka 2024 kwamba haki za Watwa zilivunjwa, ikashauri warudishiwe ardhi yao. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2018, Watwa walipojaribu kurudi msituni kwa nguvu, damu ilimwagika upande wao na upande wa walinzi. Mtwa aliyekufa aliacha watoto. Mlinzi aliyekufa, ambaye mshahara wake huenda haukuzidi bei ya mbuzi wachache, aliacha watoto pia.

SHERIA HUFIKA NA ASKARI

Kutokana na hayo tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba orodha, kiti na hukumu ni mambo mema yakiwa mikononi mwa watu wema. Jina lililoandikwa huweza kumpa mtoto nafasi ya shule kule Karnataka. Jina lililoandikwa liliweza kumwua mtoto hapa mwaka 1994. Karatasi haina moyo. Moyo ni wa anayeisoma.

Na anayeisoma, mara nyingi, ni wewe. Mwanasheria hakai kizuizini saa nane za usiku. Mbunge hafanyi doria msituni katika mvua. Kwa Mtwa anayetoka Kamanyola na mzigo wa vyungu, sheria ya Kongo, ya Rwanda au ya Burundi haina sura nyingine ila sura ya koplo aliyesimama mbele yake. Akitukanwa na koplo huyo, ametukanwa na sheria. Akielekezwa kwa upole, ameheshimiwa na dola nzima.

Hivyo tunawaomba wenzetu wa jeshi na wa polisi wayashike mambo machache, ambayo hayahitaji bajeti wala amri mpya.

Kwanza, ulimi. Neno "mbilikimo", ambalo Waswahili wa misafara walililichukua hadi bara, humtaja mtu kwa kimo chake kana kwamba hana sifa nyingine. Mwite mtu mama, baba, mzee, ndugu, kama unavyomwita mwingine. Katika Rwanda, zaidi ya hayo, kumwuliza mtu kabila lake kizuizini si kazi yako. Sisi wenyewe tulimwuliza yule mama sokoni, naye akatufundisha jibu.

Pili, mkono. Mzigo wa chungu hukaguliwa kwa macho. Mwombe mwenyewe akishushe na akifungue. Bidhaa ikivunjwa na askari, iandikwe katika kitabu cha zamu, na mwenye mali aambiwe pa kudai. Mtu maskini hupoteza zaidi katika chungu kimoja kuliko tajiri katika gari zima, kwa sababu chungu hicho ndicho chakula cha usiku huo.

Tatu, doria ya msituni. Jangili mwenye bunduki na mnunuzi wa pembe nyuma yake ni adui wa taifa, na sheria inajua la kumfanya. Bibi aliyeingia kuokota kuni au kuchuma dawa naye pengine amevunja sheria, lakini si jangili. Kamata kwa kadiri ya kosa, peleka panapohusika, andika ukweli. Risasi haina njia ya kurudi.

Nne, kituo. Mtwa akija kulalamika kwamba amepigwa au amedhulumiwa shamba, mara nyingi jirani humcheka mlangoni hata kabla hajaingia. Kazi ya askari wa zamu ni kufungua kitabu na kuandika. Lalamiko lisiloandikwa halikutokea. Likiandikwa, limeanza safari ya kwenda mahakamani.

Mambo haya manne ni sawasawa pande zote za mto. Sheria ya Kongo haiyakatazi, ya Burundi haiyakatazi, ya Rwanda inayaamuru. Mahali serikali tatu zimetofautiana juu ya jina la mtu, askari wa nchi zote tatu waweza kukubaliana juu ya namna ya kumtendea.

Tulirudi sokoni Bugarama jioni, jua likishuka upande wa Kongo. Yule mama alikuwa bado yupo. Vyungu vitatu vilikuwa vimebaki. Tulinunua kimoja kwa bei aliyoitaja, bila kupatana, naye akakizungushia majani makavu ya mgomba kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Akatuonya tusikitie moto mkali siku ya kwanza, tukipashe polepole kwanza kwa maji, la sivyo kitapasuka.

Chungu hicho kiko ofisini kwetu sasa, juu ya kabati la majalada. Maofisa vijana wanaotoka chuoni huuliza ni cha nini. Tunawaeleza habari za wanawake wanne wa kizuizini, pamoja na kicheko chetu, bila kuficha. Kisha tunamwambia kila mmoja akigonge kwa kidole, asikie kinavyolia.